Ndege Huyu Anadai Nini?
Mbinu kwa vijana wanaopenda kuandika hadithi za maajabu

Mwezi huu tunaongea na vijana wetu wenye hamu ya kuandika. Wazazi nanyi msigeuze ukurasa, kuna neno lenu humu.

Jioni moja binti wa darasa la sita aliniletea daftari lake. Hadithi ilikuwa mistari saba tu. Ndege mkubwa anatua kambini, familia nzima inapanda mgongoni, wanavuka Ziwa Tanganyika, wanashuka Baraka, wanaishi raha mustarehe. Basi. Akaniuliza mbona ya kwake ni fupi hivi, wakati za bibi yake zinakwenda mpaka moto unazimika.

Nikamwuliza swali moja: "Mwanangu, huyu ndege anadai nini?"

Akanyamaza. Kesho yake akarudi, ameongeza kitu. Kila anayepanda anasahau jina la mtu mmoja anayempenda, na hawezi kuchagua ni nani. Sasa mama wa kwenye hadithi amesimama chini ya bawa na watoto wanne, hajui apande au abaki. Mistari saba ikawa kurasa 11.

Vijana, shikeni hapo. Wengi wanadhani kwenye hadithi ya maajabu unaandika lolote linalokujia kichwani. Siyo. Msichana akisikia njaa, pete inamletea ubwabwa. Adui akija, pete inamgeuza chura. Msomaji ataogopa nini sasa? Atafunga daftari lako aende zake. Shaaban Robert aliijua siri hii. Katika kitabu chake Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, ndugu wawili wa Adili wamegeuzwa manyani, na kila usiku ni lazima awachape, ingawa moyo unamuuma. Akiacha, adhabu inamrudia yeye. Uchawi ule una sheria, na sheria ile inauma.

Kabla ya kuanza, chukua nusu karatasi, hata nyuma ya mtihani wa zamani, upange nchi yako. Nani anatawala? Watu wanakula nini? Ni kitu gani hakiruhusiwi? Kusadikika, nchi aliyoibuni Shaaban Robert huyo huyo mwaka 1951, iko angani, lakini ina mfalme, ina mashtaka, ina watu wanaoonewa. Ndiyo maana tunaiamini.

Na usiende mbali kutafuta. Sioni sababu ya kuandika majumba ya theluji ambayo hujawahi kuiona, wakati foleni ya bomba iko hapo nje. Madumu yamepangwa tangu alfajiri, si ndiyo? Fikiri dumu moja la njano linalosema ukweli wote wa mtu aliyelibeba. Nani atakubali kuligusa? Nani ataamka usiku kwenda kulizika? Tayari una nchi, una sheria, na ugomvi umeshaanza.

Ukishapata hapo, jiulize mhusika wako anataka nini, nani anamzuia, na akishinda atapoteza nini. Uujue mwisho mapema, hata kama utaubadilisha njiani. Majina ya majirani usitumie, tusije tukaitwa kwa mwenyekiti. Halafu mkae na bibi. Mwulizeni zimwi la kwao linatoka saa ngapi, linapenda nini, linashindwaje. Msinakili hadithi yake, chukueni zile sheria za zimwi, mjenge la kwenu.

Sasa wazazi. Mtoto akiandika jitu linalochoma nyumba, msimpige, msiseme ameingiwa na pepo. Wala msimkalishe chini eti aeleze ni nyumba ya nani. Wengine wamebeba mambo ambayo hata sisi wakubwa hatujayatamka, na ndani ya hadithi anaweza kuyashika kwa mbali kidogo. Ila mkiona halali usiku, hali, haongei na wenzake, hilo si la daftari tena. Mpelekeni kwa wahudumu wa afya au wa ustawi wa jamii.

Jambo lingine ni muda. Yule binti aliandika kwa sababu mama yake alimwachia nusu saa kila jioni kabla ya kuosha vyombo. Nusu saa tu, na kaka yake akaenda kuchota maji. Kaka alilalamika, lakini alikwenda.

Hadithi yenyewe bado haijaisha. Mama yule bado amesimama chini ya bawa. Juzi nilimwuliza binti, atapanda au hapandi? Akasema anasubiri kwanza, kuna mambo anamwuliza mama yake.

Wenye hadithi wazilete kwa walimu wao. Kurasa mbili zinatosha kuanzia, andika upande mmoja wa karatasi, na usisahau umri wako.