Maada ya giza si majini

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, vijana wetu wa vyuoni hutuuliza: je, ile maada ya giza waitajayo wanasayansi ndiyo majini? Wapo wahadhiri waliokwisha kujibu kuwa ndiyo, tena kwa sauti kubwa. Sisi hatuafikiani nao.

Asili ya jambo hili ni vipimo. Mwaka 964 Abdulrahman as-Sufi, mtaalamu wa elimu ya nyota wa Isfahan, alikitaja katika kitabu chake kiwingu kidogo cha angani, ambacho leo huitwa galaksi ya Andromeda. Mwaka 1970, huko Marekani, Bi. Vera Rubin na mwenzake Kent Ford walitangaza kuwa gesi iliyo mbali na kitovu cha galaksi hiyo huzunguka kwa kasi kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Nyota zionekanazo peke yake hazina uzito wa kuizuia isitawanyike. Basi kipo kitu kizito kisichotoa mwanga. Nacho hukadiriwa kuwa takriban asilimia 85 ya maada yote.

Ni chembe za namna gani? Haijajulikana. Baadhi ya wataalamu wanadhani huenda ni chembe nyepesi mno, ambazo shimo jeusi linalozunguka huzifunga kwa mvutano wake, zikalizingira kama elektroni zinavyozingira kiini cha atomu. Wingu hilo lingenyonya mzunguko wa shimo na kutoa mawimbi ya mvutano. Mawimbi ya kwanza kunaswa, tarehe 14 Septemba 2015 kwa mitambo ya LIGO, yalitokana na mashimo meusi mawili kugongana, yakapita kwa chini ya sekunde moja. Haya ya wingu yangedumu muda mrefu kwa mlio mmoja. Yametafutwa, wala hayajapatikana.

Sasa, jambo ambalo kesho laweza kuthibitishwa au kukanushwa na mtambo, vipi tulifanye kuwa ndilo majini, ambao habari zao tumezipokea kwa Wahyi? Siku nadharia hii ikianguka, kijana aliyefundishwa kuwa hiyo ndiyo tafsiri ya Aya atadhani Aya nayo imeanguka. Dhambi hiyo ataibeba nani?

Wala mzazi asimkataze mwanawe fizikia kwa kuchelea hayo. As-Sufi alipoandika habari za kiwingu kile hakukipa jina la jini. Alieleza mahali kilipo, akaendelea na nyota nyingine.

Wallaahu A'alam.