Spora na Mbegu: Tofauti na Matumizi

Spora ni chembe ya uzazi, kwa kawaida yenye seli moja, inayotolewa na kuvumwani, kangaga na kuvu. Neno hili halibadiliki katika wingi: spora hii, spora hizi. Mara nyingi wafasiri huiita mbegu, kwa kuwa zote mbili huanguka ardhini na kuchipua. Ulinganisho huo unapotosha.

Mbegu hubeba kiinitete, yaani mmea mchanga uliokwisha kuumbika, na aghalabu akiba ya chakula chake. Spora haina kiinitete. Ni seli iliyo na nusu ya kromosomu za kapsuli iliyoizaa, ikikingwa na ukuta wa tabaka kadhaa, ambao tabaka lake gumu la nje huisaidia kustahimili ukavu inapopeperushwa. Katika kuvumwani za jenasi Sphagnum, kapsuli hukauka na kunywea, kifuniko chake huruka, na spora hurushwa juu kwa sentimita 10 au zaidi hadi zidakwe na upepo. Ndivyo mmea ulioshikamana na tope unavyoweza kuvuka bahari.

Uzito wa tofauti hii hudhihirika katika visiwa vya Hawaii. Huko, Sphagnum palustre, spishi ambayo mimea yake ya kiume na ya kike huwa mbalimbali, haijaonekana ikizaa kapsuli. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba mimea yote ya huko imetokana na mwanzilishi mmoja. Kwa hiyo ni ya jinsia moja, wala haina mwenzi wa kuitungisha. Hata hivyo, mboji ya milima ya Kohala inashuhudia kuwa imedumu hapo kwa takriban miaka 24,000. Shina likikatika, kipande huota kikawa mmea kamili. Mimea iliyohamishiwa Mlima Kaala, kisiwani Oahu, katika miaka ya 1960, imetanda na kuisonga mimea ya asili.

Mwandishi akisema kuvumwani hiyo “haina mbegu”, atakuwa amesema kweli isiyo na maana, kwani hakuna kuvumwani yenye mbegu popote duniani. Ajabu ya Hawaii ni kukosa spora. Neno likikosewa, habari yenyewe hupotea.

Sahihi: Kuvumwani hutawanya spora.
Si sahihi: Kuvumwani hutawanya mbegu.