Figo Mpya, Virusi vya Zamani

Aliyepandikizwa figo humeza vidonge vya kushusha kinga ya mwili kila siku, maadamu figo hiyo inafanya kazi. Akiviacha, mwili utaiona figo ni mgeni na kuishambulia. Shida ni kwamba kinga ikishushwa, haishushwi kwa figo tu.

Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wana virusi vya Epstein-Barr, wengi tangu utotoni, wala hawana habari. Virusi hivyo viligunduliwa London mwaka 1964, ndani ya seli za uvimbe zilizoletwa kwa ndege kutoka Kampala, ambako daktari Denis Burkitt alikuwa akitibu watoto waliovimba taya. Hujificha katika seli B za damu, na seli T huzidhibiti. Vidonge vikizilemaza seli T, seli B zenye virusi huweza kuzaana ovyo hadi kuwa saratani ya tezi, yaani limfoma. Anayehofiwa zaidi ni mtoto ambaye hajawahi kuvipata, akapewa figo ya mtu mzima aliye navyo. Kwa jumla wanaougua ni wachache. Pia zipo limfoma, hasa zinazochelewa miaka mingi, zisizo na virusi hivi.

Dalili za limfoma ni homa, jasho la usiku, kukonda: hapa kwetu kila mtu atawaza kifua kikuu, na ni haki, maana nacho huwaandama wagonjwa hawa. Ila tezi ikivimba shingoni au kwapani, kupima makohozi hakutoshi. Ikatwe kinyama ikapimwe. Inayonitia hofu zaidi ni limfoma inayoota ndani ya figo yenyewe. Kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, inapanda, inadhaniwa mwili unaikataa figo, dawa zinaongezwa, na saratani inanawiri.

Tiba huanza kinyume chake. Mwaka 1984 daktari wa upandikizaji Thomas Starzl na wenzake walionyesha kwamba dawa zikipunguzwa, baadhi ya uvimbe huyeyuka. Usipoyeyuka, hufuata rituksimabu, dawa inayolenga seli B, au kemotherapia. Figo inaweza kupotea njiani, lakini mgonjwa wa figo ana mashine ya kusafisha damu ya kurudia. Aliyepandikizwa moyo hana pa kurudi. Ndiyo maana madaktari wa figo huthubutu kupunguza zaidi.

Wanapunguza wao, kwa vipimo. Anayejiachisha vidonge nyumbani kwa kuogopa saratani atapoteza figo kwa ugonjwa ambao pengine hana.