Santuri tatu za albamu moja, na paa linalovuja Ng'ambo

COVENTRY – Mliowahi kuingia kwenye maduka ya mitumba hapa Uingereza bila shaka mmewaona. Makasha ya santuri za zamani yamepangwa chini ya meza, na wazee wawili watatu wameinama wanazipekua moja moja. Picha ya jalada hawaitazami. Huitoa santuri, wakaielekeza kwenye mwanga na kukodolea macho ile sehemu tupu baina ya wimbo wa mwisho na karatasi ya katikati, kama mtu anayesoma hati ya shamba. Kwa muda mrefu tulijiuliza wanatafuta nini.

Jibu tulilipata Jumapili moja nyumbani kwa Mzanzibari mwenzetu, dereva wa basi mstaafu, ambaye ametuomba tusimtaje jina kwa kuwa mkewe hajui ametumia kiasi gani. Mzee huyu anazo santuri tatu za albamu moja, Led Zeppelin II ya mwaka 1969. Nyimbo ni zile zile tisa, kwa mpangilio ule ule. Moja kati ya hizo ameshapata mnunuzi, pauni 400. Na huko Ng'ambo, Unguja, paa la nyumba ya marehemu mama yake linavuja. Alituita tumsaidie kusikiliza kabla hajaamua.

Kwanza tuelewane namna santuri inavyopatikana. Muziki hurekodiwa kwenye tepu. Fundi huicheza tepu hiyo, na mashine yenye ncha kali huchonga mfereji kwenye sahani laini. Sahani hiyo hufunikwa kwa madini, na kutokana nayo hupatikana mihuri ya chuma inayogandamiza plastiki kiwandani. Muhuri ukichakaa hutengenezwa mwingine. Tepu nayo hunakiliwa ili ipelekwe nchi nyingine, na kila nakala inapoteza kidogo.

Lakini jambo kubwa zaidi ni mkono wa fundi. Besi nzito huufanya mfereji uyumbe sana, hivyo hula nafasi, na sindano ya mashine dhaifu huweza kuruka. Fundi mwoga hupunguza besi. Fundi jasiri huiacha.

Hapa ndipo linapokuja jina la Robert Ludwig. Mwaka 1969 alikuwa kijana anayefanya kazi Sterling Sound, New York, na ndiye aliyeichonga Led Zeppelin II kwa ajili ya soko la Marekani. Aliichonga kwa nguvu zote, kisha akakwaruza herufi RL pale penye sehemu tupu. Ludwig mwenyewe amesimulia kuwa binti wa mkuu wa kampuni ya Atlantic, Ahmet Ertegun, aliicheza kwenye kigramafoni chake cha bei rahisi na sindano ikaruka. Albamu ikachongwa upya kwa upole. Mamilioni ya Wamarekani wakanunua ile ya upole, na zile za mwanzo ndizo zinazotafutwa leo kwa mamia ya dola. Herufi hizo ziwepo pande zote mbili. Upande mmoja tu, bei inaanguka.

Waingereza nao wana siri zao. Kiwanda cha EMI kilichokuwa Hayes, magharibi ya London, ambako santuri za The Beatles na Pink Floyd zilitoka, kilihesabu mihuri yake kwa herufi za neno GRAMOPHLTD. G ni moja, R ni mbili, A ni tatu, mpaka D ambayo ni sifuri. Ukikuta G peke yake, santuri yako imetoka kwenye muhuri wa kwanza. Queen nao walikuwa watu wa EMI, na mwimbaji wao tunamjua: Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, ambaye dunia inamwita Freddie Mercury. Mwaka 1978 EMI ilichapa santuri 200 tu za rangi ya buluu za wimbo Bohemian Rhapsody. Mwenyeji wetu anasema akiipata hiyo atajenga paa la mtaa mzima.

Tukaanza kazi. Santuri ya kwanza ilikuwa ya Uingereza ya mwaka 1969, yenye karatasi ya rangi ya zambarau iliyoiva, na kosa mashuhuri la uchapaji: jina la wimbo Living Loving Maid limeandikwa Wreck mahali pa Maid. Ya pili ni ile ya Marekani yenye RL. Ya tatu ni toleo la mwaka 2014 lililosimamiwa na mpiga gitaa Jimmy Page mwenyewe. Kijana wa mwenyeji wetu alikaa kwenye mashine, sisi tukageukia ukuta, kila mtu na karatasi yake.

Mara ya kwanza hapakuwa na ubishi. Ngoma za RL zilitupiga kifuani, na sote tukaiandika ya kwanza. Mzee akacheka. "Mnaona, wanangu? Si nilikwambieni?"

Kijana akamkatiza. "Baba, ile imechongwa kwa sauti kubwa kuliko nyingine. Sikio la mtu hupenda kilicho kikubwa. Ngoja nizisawazishe." Akapunguza sauti ya RL mpaka zote tatu zikalingana, akazichanganya tena.

Safari hii mambo yalikuwa mengine. Wawili wetu tuliitambua RL, kwa besi iliyokuwa na uzito na duara lake, si kelele tu. Mmoja wetu alichagua ya mwaka 2014, akisema ni safi na haina mikwaruzo, na hatukuweza kumpinga. Mzee alichagua ile ya Uingereza, akaapa kuwa ndiyo RL. Alipogeuka akaona karatasi ya zambarau inazunguka, alinyamaza kitambo kizuri.

Hayuko peke yake. Mwaka 2022 ilibainika kuwa kampuni ya Marekani ya Mobile Fidelity, inayouza santuri za bei kubwa zenye sifa ya kutoka kwenye tepu asili, ilikuwa kwa miaka kadhaa ikizipitisha nyingi kwenye hatua ya kidijitali. Watu walioapa kwamba wanaisikia dijitali tangu mlangoni walikuwa wamezisifia santuri hizo kwa maneno matamu. Kesi ilifunguliwa, na mwaka 2023 ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 25. Sisi tunaona tofauti ya RL ni ya kweli, kwani chanzo chake kinajulikana, na tuliisikia hata sauti ziliposawazishwa. Ila tofauti nyingine nyingi zinazouzwa madukani tungependa kwanza tuzisikie tukiwa tumegeukia ukuta.

Chai ilipoletwa mzee alikuwa bado anaitazama ile ya zambarau, aliyoinunua pauni sita.

"Basi hii ndiyo ntakayobaki nayo," alisema. Akairudisha RL ndani ya jalada lake. Kisha akaitoa tena, akamwambia kijana aweke upande wa pili, mara moja tu, kabla mnunuzi hajapiga simu.