Matanga ya Wakanda

Kwenye vibanda vya video vya Mombasa kulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto wa chuoni aliijua kabla hajamaliza juzuu ya Amma: stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatoswa baharini ndani ya gunia, atafungiwa kwenye nyumba inayoungua, lakini mwisho wa mchezo lazima atokee, shati limechanika, adui atafute pa kukimbilia. Aliyekaa nyuma akasema "huyu sasa kwisha" alichekwa na kibanda kizima.

Ijumaa ya Novemba 11, 2022 ikatoka filamu ambayo stelingi wake alikuwa amekufa kabla kamera haijawashwa.

Filamu hiyo ni Black Panther: Wakanda Forever, sehemu ya pili ya Black Panther ya Februari 2018. Ile ya kwanza, iliyoongozwa na Ryan Coogler, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Ilikuwa filamu ya kwanza ya mashujaa wa vitabu vya katuni kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora, na ingawa hiyo iliwaponyoka, walirudi nyumbani na tatu: ya mavazi, ya mandhari na ya muziki. Afrika Mashariki iliidai kama jamaa. Lupita Nyong'o alikuwemo, na Kisumu, ambako babake Profesa Anyang' Nyong'o alikuwa gavana, ikapata uzinduzi wake. Florence Kasumba, yule askari mwenye macho makali, alizaliwa Kampala. Daniel Kaluuya ni wa London, lakini wazazi wake wametoka Uganda.

Halafu kuna jina lenyewe, Wakanda, nchi ya Black Panther. Stan Lee na Jack Kirby walipoibuni nchi hiyo mwaka 1966, kwenye kitabu cha katuni cha Fantastic Four, hawakumwuliza Mswahili. Kwa sikio letu Wakanda ni watu, kama Wakamba walivyo watu. Nchi yao ingepaswa kuitwa Ukanda. Ramani za kampuni ya Marvel huiweka upande wetu wa bara, si mbali na Ziwa Turkana, lakini wenyeji wake kwenye filamu husema Kixhosa cha Afrika Kusini. Sababu ni John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini aliyecheza baba wa T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, katika filamu ya awali ya Marvel ya mwaka 2016: alileta lugha yake kwenye seti, ikakaa. Mombasa haikuona ajabu. Imeshazoea kuchezewa hivyo na sinema. Mwaka 2010 filamu ya Inception ilionyesha watu wakikimbizana kwenye vichochoro vya "Mombasa", na vichochoro vile ni vya Tangier, Morocco.

Chadwick Boseman, aliyekuwa T'Challa, alifariki Agosti 28, 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka 43. Alikuwa ameyaficha maradhi yake hata kwa wengi waliofanya naye kazi. Ulikuwa mwaka wa korona. Miezi mitatu minne kabla yake, Mei, serikali ilikuwa imeufunga Mji wa Kale wa Mombasa, hakuna kutoka wala kuingia kwa wiki kadhaa. Kumbi za sinema zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Habari ile iliwakuta watu majumbani, simu mkononi, na kilio kikawa cha simu kwa simu.

Hapo ndipo shida ya sehemu ya pili ilipoanzia. Shabiki haendi kutazama sehemu ya pili akiwa mtupu. Kwa miaka yote ya kungoja ameshapiga filamu yake kichwani, amechagua adui, amepanga pigano la mwisho, ameshamwoza stelingi mke. Anapokata tikiti huenda kulinganisha. Coogler naye alikuwa na filamu kichwani: hati ya kwanza, kama alivyoeleza baadaye, ilikuwa hadithi ya T'Challa na mwanawe, baba aliyepotea miaka mitano akirudi kujuana na mtoto asiyemjua. Ikawekwa kando. Baadhi ya mashabiki duniani walidai atafutwe mwigizaji mwingine avae ngozi ya chui, kwamba T'Challa ni mkubwa kuliko mtu mmoja. Marvel ikakataa. T'Challa atakufa kama Boseman alivyokufa.

Mchukue kijana wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, aliyekuwa na miaka 14 mwaka 2018 na anayekaribia 19 siku sehemu ya pili inapotoka. Zamani babu yake alikwenda sinema kwa miguu, Regal, Majestic, Naaz, na huko alimwona Amitabh Bachchan akifa kwenye Sholay, akatoka analia, na picha iliyofuata akamkuta Bachchan mzima, anaimba. Kumbi hizo zilizima taa moja baada ya nyingine. Kijana wetu na wenzake watatu wanakaa barazani mpaka baada ya Isha, muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe, dele lake la shaba lina makaa mekundu chini, wananunua kahawa chungu na kashata za kuondokea, kisha wanajibana kwenye tuktuk kuvuka daraja la Nyali kwenda ukumbini. Mmoja amekaa na dereva mbele, kitu kisichoruhusiwa. Njia nzima wanabishana ni nani atakayekuwa Panther mpya.

Taa zinazimwa, na dakika za kwanza ni za dada mtu, Shuri, akihangaika maabara kutafuta dawa ya kaka yake. Dawa haipatikani. Mama anaingia kumwambia. T'Challa hatumwoni kabisa. Kisha mazishi: jiji zima limevaa nyeupe, jeneza linabebwa mabegani, watu wanacheza na kuimba wakimsindikiza. Baadaye nembo ya Marvel inapita ikiwa na picha za Boseman peke yake, bila muziki, na ukumbi uliojaa watu wenye pakiti za bisi unanyamaza kama watu waliofika nyumba ya msiba.

Weupe ule huenda mwenyeji wa pwani aliuona tofauti na Mmarekani. Kwake ni rangi ya sanda. Na kilichofuata alikuwa na jina lake tayari, hata kama mwongozaji hakulijua: matanga.

Ukiitazama kwa jicho hilo, filamu inafunguka. Mwaka mmoja baada ya mazishi, Malkia Ramonda, aliyechezwa na Angela Bassett kwa uzito uliomfikisha kwenye uteuzi wa Oscar, anamchukua Shuri ukingoni mwa mto na kumtaka wachome nguo za msiba. Shuri hataki. Ana hasira, angependa kuichoma dunia nzima, si nguo. Anakuja kuzichoma mwisho kabisa, peke yake, kwenye ufuo wa Haiti. Kati ya nguo kukataliwa na nguo kuchomwa kuna saa mbili na zaidi, na zote ni za mtu asiyekubali kuanua matanga. Aliyekwenda Nyali akitafuta ngoma alikuwa na haki ya kununa, maana bango la nje lilimwahidi ngoma. Lakini alichoandaliwa ndani kilipikwa vizuri kuliko alichoahidiwa.

Si chote. Dakika 161 ni nyingi, 27 zaidi ya filamu ya kwanza, na kuna mahali zinahesabika. Hadithi ya mashushushu wa Marekani na mtalaka wa mmoja wao haimhusu mtu yeyote. Imepachikwa ili kuzifanyia njia filamu nyingine za kampuni. Msichana Riri Williams, mwenye akili ya mashine, anachangamsha kila anapotokea, ila naye ameletwa kutangazwa, kama bidhaa mpya dukani. Shuri anavaa vazi la Panther filamu ikiwa imekwenda karibu saa mbili, kwa hiyo ubishi wa kwenye tuktuk unajibiwa wakati miguu imeshaingia ganzi. Na Lupita, anayecheza Nakia na aliyewavutia Wakenya wengi ukumbini, wanamngoja mpaka wanaanza kuulizana kama kweli yumo.

Anapokuja lakini anakuja na kazi. Lupita alizaliwa Mexico, Kihispania anakijua, na kwenye filamu anasema hata Kimaya, kwa kuwa adui wa safari hii ametoka huko. Huyo adui, Namor, aliyechezwa na Tenoch Huerta wa Mexico, ndiye anayestahili kuzungumzwa kwa kirefu Mombasa.

Namor ni mfalme wa Talokan, mji uliofichwa chini ya bahari. Watu wake walikuwa Wamaya wa nchi kavu mpaka Wahispania walipofika katika karne ya 16 na ndui na minyororo. Walikunywa dawa ya mmea fulani, wakaweza kupumua majini, wakahamia kilindini. Mama yake alikuwa na mimba yake wakati ule. Alipokufa, mtoto akapanda juu kumzika katika udongo wa kwao, akakuta shamba la Wahispania na watumwa wakichapwa, akalitia moto. Padri aliyekuwa akikata roho ndiye aliyempa jina kwa laana. Filamu inaweka chanzo cha mambo hayo mwaka 1571.

Sasa ziweke tarehe za Mombasa kando ya hiyo. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliishambulia Mombasa, akaipora na kuichoma. Mwaka 1528 Nuno da Cunha akairudia. Mwaka 1589 Wareno wakaja tena, na 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus, ngome ambayo mpaka leo watoto wa Mji wa Kale hucheza mpira chini ya kivuli cha kuta zake. Ni karne ileile na mabaharia wa rasi ileile ya Ulaya.

Wakanda ya filamu ya kwanza ilikuwa ndoto ya nchi ambayo mgeni hakuifikia kamwe. Ni tamu, nani asiyeipenda, lakini Mombasa haiwezi kujiona humo, kwa kuwa yenyewe ilifikiwa, ikachomwa, na ikajengewa ngome mlangoni. Sehemu ya pili ndiyo inayoleta kwenye skrini watu waliofikiwa. Kijana wa Kibokoni aliyekwenda kumshangilia Panther anaweza kujikuta, katikati ya vita, hajui amshangilie nani. Si kasoro hiyo. Ndilo jambo bora ambalo filamu ya kwanza, pamoja na Oscar zake tatu, haikuwa nalo.

Na Namor ana udhaifu ambao pwani inaujua kwa jina jingine. Hapigiki akiwa na maji; Shuri anamfungia ndani ya chombo chenye joto mpaka ngozi yake inakauka, nguvu zinamwisha. Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za pwani, naye hakuuawa kwa mkuki wala mshale. Siri yake ilikuwa sindano ya shaba, achomwe kitovuni, na mwanawe mwenyewe ndiye aliyetumwa kuitumia. Liyongo hakuanguka. Alikwenda akapiga goti karibu na kisima, upinde umevutwa, mshale umewekwa, akafa hivyohivyo. Mji ukakaa na kiu kwa hofu ya mtu aliyekwisha kufa, mpaka mamake akaitwa aje kumbembeleza.

Ndivyo ilivyokuwa Wakanda Forever pia. Boseman alipiga goti kisimani na hakuna aliyethubutu kuteka maji. Si mwongozaji, si waigizaji, si shabiki. Coogler amesimulia kwamba alikaribia kuacha utengenezaji wa filamu kabisa. Kila atakayevaa vazi lile angepimwa kwa kivuli cha aliyetangulia, na Letitia Wright, aliyeumia wakati wa upigaji picha hata kazi ikasimamishwa kwa wiki kadhaa, alilivaa akijua. Tofauti ni ya mwana tu. Mwana wa Liyongo alimmaliza babake. Mwana wa T'Challa, anayetokea dakika za mwisho kule Haiti, mkono umeshikwa na Nakia, analichukua jina la babake. Si ukumbi wa Nyali peke yake uliopiga makofi hapo.

Filamu iliingiza dola milioni 859 hivi, pungufu sana ya ile ya kwanza, ikapata Oscar moja, ya mavazi. Ruth E. Carter akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa na Oscar mbili. Kwa pishi ya pesa, sehemu ya pili ilishindwa na ya kwanza. Kwa pishi ya shabiki aliyetaka mapigano, ilichelewa. Aliyekwenda kuhani msiba alitoka ameridhika, na hao walikuwa wengi kuliko walivyokiri barazani kesho yake.

Kwa wale ambao Talokan iliwaingia, Mombasa ina kitu chake chini ya maji. Mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira Fort Jesus, meli ya Wareno Santo António de Tanná, iliyoletwa kutoka Goa kuwaokoa waliofungiwa, ilizama mbele ya ngome. Ilikaa kilindini zaidi ya miaka 270. Wapiga mbizi wa akiolojia waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu walivyopandisha viko kwenye makumbusho ndani ya ngome, mwendo wa dakika chache kutoka Kibokoni. Mpeleke kijana wako, hata kwa miguu.