Bawa la Nyuki kwenye Meza ya Fundi Cherehani

Barua yenyewe ni fupi. Fundi cherehani mmoja wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, anatuandikia kwamba ukuta wa nyuma wa nyumba yake, ule wa matofali ya udongo, umekaliwa na vijinyuki vyeusi visivyouma, vidogo kuliko punje ya mchele. Wameingia mahali pawili. Penye ufa wa kwanza wamejenga kijibomba cha nta chenye urefu wa kiungo cha kidole. Penye ufa wa pili pana ukingo mfupi tu, wa kugusa na ukucha. Watoto wake wanashikilia kwamba hawa ni nyuki wa aina mbili. Mwalimu jirani anasema ni aina moja, na kwamba watoto wanababaishwa na mlango. "Mama, nani mwenye haki?"

Sitaeleza nyuki ni mdudu gani wala asali hutengenezwaje. Fundi hakuuliza hayo, na ukuta wake umeshamfundisha. Niseme tu kwamba wapo nyuki wa Afrika ambao mwiba wao umesinyaa hadi haufai kitu, na kwamba walio wadogo kupita wote wamo katika jenasi mbili, Hypotrigona na Liotrigona. Mwenye kioo cha kukuzia anaweza kuzitenganisha mwenyewe: kifua cha Liotrigona ni laini na kinang'aa, cha Hypotrigona kimejaa vitundu vidogo na hakirudishi mwanga. Ukienda msitu wa miombo mwezi wa joto, ukaketi kupumzika, Hypotrigona watakufuata wenyewe. Wanataka jasho lako na maji ya macho yako. Mmoja hutua kwenye ukope, ukimfukuza anarudi na wenzake watano.

Kwa maelezo ya barua, nadhani tuko kwa Hypotrigona. Hapo ndipo shida inapoanza, maana kufika kwenye jenasi ni kazi ya dakika tano, kutoka jenasi kwenda spishi kunaweza kumaliza miaka.

Jenasi hiyo ilipewa jina na Cockerell mwaka 1934, yule profesa wa Colorado aliyechapisha zaidi ya majina 5,000 ya nyuki katika maisha yake. Spishi zenyewe zilikuwa zimeanza kuandikwa kabla yake. Mwitaliano Magretti alieleza Hypotrigona gribodoi mwaka 1884, kisha mwaka 1898 akaongeza Hypotrigona ruspolii kutokana na wadudu waliokusanywa na msafara wa Mwitaliano mwenzake Eugenio Ruspoli huko Somalia na Ethiopia. Ruspoli mwenyewe hakuuona uchapishaji huo. Aliuawa na tembo mwaka 1893. Jina lake limebaki kwa mdudu wa milimita tatu.

Sasa wasikilizeni watoto wa fundi. Miaka ya 1950, huko Angola, ambako miombo ni ile ile ya Katanga, mtaalamu wa nyuki Virgílio de Portugal-Araújo alikuwa akifungua viota vya vijinyuki hivi na kuviandika kimoja kimoja. Aliona viota vya namna mbili. Nyuki waliokaa ndani yake walifanana mno hivi kwamba mtu wa jumba la makumbusho, anayewajua wakiwa wamekufa na kuchomwa pini, angewaweka kwenye sanduku moja bila kusita. Vielelezo vikamfikia Charles Michener wa Chuo Kikuu cha Kansas, na mwaka 1959 Michener akakubali: ni spishi mbili. Mpya akaiita Hypotrigona araujoi. Kiota kilisema kabla ya nyuki kusema.

Spishi za namna hii tuziite nini? Nimeona "spishi pacha", nami siipendi, kwa sababu pacha wana mama mmoja na hawa wana koo mbili zisizooana. Nimeona pia "spishi fiche". Amejificha wapi huyu, na yuko kwenye ukope wangu? Kwa makala hii nachukua "spishi shabihi": zinashabihiana, basi. Atakayepata neno bora aniandikie.

Mwaka huo huo wa 1959 Araújo alichapisha habari ya spishi hizo shabihi pamoja na Mbrazili Warwick Kerr. Wafugaji wa nyuki wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine kabisa. Kerr ndiye aliyepeleka malkia wa nyuki wa asali Brazil mwaka 1956, kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, na mwaka uliofuata makundi 26 yakamponyoka. Uzao wao ukasambaa sehemu kubwa ya Amerika, hadi ikawa lazima wapate njia ya haraka ya kujua kama nyuki waliomo mzingani ni wa damu ya Kiafrika au ya Kizungu. Moja ya njia walizopata ni ile iliyonifanya niichukue barua hii badala ya nyingine zilizokuwa mezani: kusoma bawa.

Fundi, weka kazi yako kando kidogo, hii ni ya kwako.

Umeletewa karatasi mbili za kukatia libaya, moja ya mama mnene na moja ya binti mwembamba. Unaulizwa: je, ni mshono mmoja? Huwezi kujibu kwa kupima upana wa kifua, kwa kuwa utagundua tu kwamba mama ni mnene. Unachotaka kujua ni kama shingo imekaa pale pale ikilinganishwa na kwapa, kama pensi ya kiunoni imeinama kwa pembe ile ile. Basi unaweka alama kwenye kila karatasi, mahali ambapo mistari inakutana: ncha ya bega, kona ya kwapa, mwanzo wa pensi. Alama nambari moja ya mama lazima iwe sehemu ile ile na alama nambari moja ya binti, ama hesabu yote itaharibika.

Kwenye bawa la nyuki alama hizo zipo tayari: ni pale mishipa inapokutana. Wanaopima nyuki wa asali huweka nukta 19 kwenye bawa la mbele. Bawa linapigwa picha chini ya darubini, kila nukta inapewa tarakimu mbili, ya kwenda kulia na ya kwenda juu. Kisha vinaondolewa vitu vitatu.

Kwanza mahali. Karatasi moja iko pembeni mwa meza na nyingine katikati. Hilo halihusu mshono. Unatafuta kitovu cha nukta zote, yaani wastani wake, na kuvilaza vitovu viwili vya karatasi mbili juu ya kimoja.

Pili ukubwa. Hapa ndipo pananifurahisha. Unapima umbali wa kila nukta kutoka kwenye kitovu, unazidisha kila umbali kwa wenyewe, unajumlisha, unatoa kipeuo cha pili. Tarakimu moja inayopatikana ndiyo ukubwa wa bawa zima. Gawanya kila kitu kwa tarakimu hiyo. Mama mnene na binti mwembamba sasa wana ukubwa mmoja, wala hukukata hata sentimita ya kitambaa.

Tatu mwelekeo. Unazungusha karatasi moja juu ya nyingine, taratibu, hadi umbali kati ya alama na wenzake uwe mdogo kabisa: moja karibu na moja, mbili karibu na mbili. Kompyuta hufanya hivyo kwa kufumba na kufumbua. Wenye hesabu waliipa kazi hii jina la Procrustes, jambazi wa hadithi za Kigiriki aliyewalaza wageni kitandani, aliye mfupi akamvuta, aliye mrefu akamkata miguu.

Baada ya hayo matatu, tofauti yoyote iliyobaki si ya mahali, si ya ukubwa, si ya namna bawa lilivyolazwa chini ya kioo. Ni ya mshono. Ukiwa na nyuki kutoka viota vingi, kila bawa linakuwa doa moja kwenye ramani, na unatazama kama madoa yanatengana kuwa makundi. Mwaka 2008 Tiago Francoy na wenzake walionyesha kwamba kwa njia hii nyuki wa Kerr wanatambulika, kwa bawa tu, bila maabara ya gharama. Na bawa linafaa kuaminiwa kwa sababu mishipa yake hupangwa nyuki akiwa bado amefungwa kwenye chumba chake cha nta. Akishatoka haibadiliki. Nywele humtoka, rangi hufifia, kingo za bawa huchanika kwa kazi, ila mishipa inapokutana panabaki palepale hadi siku ya kufa.

Kwa Hypotrigona, kweli, kuna ugumu: mdudu akiwa mdogo hivyo mishipa hupungua, mingine ikawa kivuli tu, na nukta za kutegemea zinahesabika kwa vidole. Kwa hiyo watafiti huongeza miguu, kichwa na sehemu nyingine za mwili. Ndivyo walivyofanya katika Kenya ile nyingine, ya Nairobi, kwenye kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, alichokianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970. Nelly Ndungu na wenzake waliwapima nyuki wasiouma wa nchi hiyo, kisha wakasoma kipande cha DNA ya mitokondria, chenye herufi kama 650, ambacho wataalamu wa wanyama wamekifanya kitambulisho. Matokeo yao juu ya Hypotrigona yalichapishwa mwaka 2017, na neno "utata" limo kwenye kichwa chenyewe cha ripoti. Habari za DNA zimeandikwa na kila mtu, nami naziacha hapo.

Kati ya yote haya namkumbuka pia mwizi. Yupo nyuki mwingine mdogo mweusi, Cleptotrigona, asiye na vikapu vya chavua miguuni kwa kuwa hahitaji: huvamia viota vya Hypotrigona na kubeba akiba yao. Ikiwa siku moja fundi ataona vurugu kwenye kijibomba, nyuki wakirundikana na maiti kudondoka chini ya ukuta, asikimbilie kusema wamegombana wenyewe kwa wenyewe. Aokote maiti wachache, atazame mguu wa nyuma.

Basi nani mwenye haki? Mwalimu ana hoja: kijibomba hukua kadiri kiota kinavyozeeka, na cha juzi hakiwezi kulingana na cha miaka. Watoto lakini wanafanya alichofanya Araújo, na mimi niko upande wao hadi bawa liseme vingine.

Hivyo, fundi, tafuta chupa mbili ndogo zenye vifuniko, moja kwa kila mlango, wala usizichanganye. Nyuki kumi kwa kila chupa wanatosha, hutaliua kundi. Wamwagie spiriti ya asilimia 95. Lutuku haifai, ina maji mengi na DNA itaoza humo. Ndani ya kila chupa tia kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka: tarehe, urefu wa kijibomba, kimo chake kutoka chini, ukuta wa nini. Piga picha za milango yote miwili kwa simu, ukiweka tepu yako ya kupimia pembeni. Kisha upeleke kwa watu wa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu chetu. Na kwenye sehemu ya mahali andika Lubumbashi kwanza, Kenya baadaye, maana chupa hizo zikifika siku moja kwenye kabati la Nairobi zikiwa zimeandikwa "Kenya" peke yake, hao nyuki watakuwa wamehama nchi.