Usukani wa nduthi ukicheza ukipunguza mwendo, usikimbilie kununua tairi

Uko kwenye lami ya Kibwezi kwenda Kitui. Umevuka Mto Athi, Ikutha iko mbele, begi na boksi zimefungwa nyuma. Unaachilia mafuta polepole, na mwendo ukifika kama kilomita 60 kwa saa usukani unaanza kucheza kushoto kulia. Ukishuka chini ya 40 unatulia. Ukishika kwa mikono miwili huoni kitu, kwa hivyo unajiambia ni barabara tu.

Sikia, kwenye mchanga wa mto mkavu, ile tunavuka huko Mutomo ama Kathonzweni, gurudumu la mbele kuelea ni kawaida. Kwenye marram yenye mawimbi pia. Lakini lami ikiwa laini na usukani bado unacheza, tatizo liko kwa nduthi yako. Leo ni mtetemo mdogo. Siku utabeba abiria na gunia, ukiteremka huku umeshika usukani kwa mkono mmoja, unaweza kukuangusha.

Kagua hivi, ukianza na vitu vya bure.

Upepo na tairi. Pima presha asubuhi kabla ya kuondoka. Jua la Ukambani likishapasha tairi, kipimo kinapanda na tairi isiyo na upepo wa kutosha inaonekana iko sawa. Fuata namba za kitabu cha pikipiki. Kisha pitisha kiganja juu ya tairi la mbele, mbele na nyuma. Ukihisi meno kama ya msumeno, ama mabonde, tairi limelika vibaya na mtetemo unaweza kuwa umetoka hapo.

Mzigo. Boksi zito nyuma ya ekseli linapunguza uzito wa mbele, na usukani unakuwa mwepesi. Toa mzigo wote, rudi barabara ile ile, mwendo ule ule. Mtetemo ukiisha, sogeza vitu vizito mbele na chini. Lakini usisherehekee bado, kwa sababu mara nyingi mzigo unafichua tu ugonjwa uliokuwepo.

Rimu na spoki. Simamisha kwa stendi kubwa, gurudumu la mbele liwe hewani. Shikilia kijiti karibu na rimu, zungusha, uone kama nafasi inabadilika. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo. Iliyolegea inatoa sauti nzito kuliko wenzake. Mashimo ya barabara za ndani yanapinda rimu kimyakimya.

Beringi za usukani. Hapa ndipo wengi wanalaliwa. Gurudumu likiwa hewani, shika shoki za mbele kwa chini, vuta na sukuma. Ukisikia "tok", zimelegea. Kisha geuza usukani polepole kutoka upande hadi upande. Ukikwama kidogo pale katikati, kama umeingia kwenye shimo, vikombe vimechimbwa na gololi. Hapo kukaza hakusaidii. Badilisha gololi na vikombe vyote, juu na chini, na grisi mpya.

Kama zimelegea tu, fundi atalegeza nati ya juu, akaze ile ya kurekebisha kidogo kidogo, kisha afunge tena. Kipimo ni rahisi: hakuna "tok", na ukisukuma usukani kidogo kutoka katikati unaanguka wenyewe hadi mwisho.

Mwambie asikaze kupita hapo. Usukani uliobanwa sana unaficha mtetemo wa tairi bovu, kwa hivyo utatoka gereji ukifurahi. Lakini pikipiki itaanza kuyumba ikinyooka barabarani, na vikombe vitachimbika haraka.

Nyuma pia. Alama za kurekebisha cheni ziwe sawa pande zote mbili. Halafu shika gurudumu la nyuma, lisukume kushoto kulia. Likicheza, angalia beringi zake na bushi za mkono unaolishikilia.

Rekebisha kitu kimoja, kisha jaribu barabarani. Ukibadilisha tairi, beringi na spoki siku moja, hutajua ni gani ilikuwa mbaya, na utalipia zote.

Na ikianza kucheza ukiwa safarini? Usikanyage breki kwa nguvu wala kubana usukani. Mikono iwe imara lakini legevu, egemea mbele kidogo, achilia mafuta taratibu hadi itulie, kisha simama kando ya barabara.

Wewe wa Emali, Wote ama Zombe unayebeba watu kila siku, jaribio la "tok" halichukui hata dakika tano. Lifanye kabla abiria wa kwanza hajapanda.